Wana-Katavi wapige hesabu kabla ya kufunga intaneti ya nyumbani

MSIMU wa mavuno unapowadia mkoani Katavi, pilikapilika huwa nyingi. Mpunga huanza kutoka Kakese na Mwamkulu, mahindi huletwa mjini kutoka vijiji vya Wilaya ya Tanganyika, asali huteremshwa kutoka Inyonga, na wanunuzi wa ufuta huanza kuulizia bei mapema. Katika shughuli hizo zote, chombo kinachoshikwa mkononi mara nyingi kuliko hata mzani ni simu. Kwa simu hiyo mkulima huuliza bei ya Dar es Salaam, mfanyabiashara hutuma picha ya mzigo wake Mwanza, na fedha huingia na kutoka bila mtu kwenda benki.

Zamani haikuwa hivyo. Mji wa Mpanda ulikua kwa sababu ya madini ya risasi, na tawi la reli kutoka Kaliua lilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ili kuyatoa madini hayo. Kwa miaka mingi barua, magazeti na habari za bei zilifika kwa treni hiyo hiyo, na aliyezipata kwanza ndiye aliyepanga bei. Mkulima aliyekaa kijijini alipokea alichoambiwa na mlanguzi.

Leo habari za bei zinapita hewani na kwenye nyaya. Pembejeo za ruzuku zinatolewa kwa wakulima waliosajiliwa katika mfumo wa kielektroniki. Mazao kama ufuta yanauzwa kwa stakabadhi za ghala katika minada inayoendeshwa kwa njia ya mtandao na Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mwenye duka anatakiwa kutoa risiti ya kielektroniki, na mashine yake hutuma taarifa Mamlaka ya Mapato kwa mtandao. Kwa hali ilivyo, intaneti imekuwa pembejeo kama mbolea na mbegu. Na kama ilivyo kwa mbolea, anayenunua isiyofaa shamba lake hupoteza fedha hata kama bidhaa yenyewe si mbovu.

Ndiyo maana suala la familia na wafanyabiashara wadogo kufunga intaneti ya nyumbani au ya dukani linahitaji kuzungumzwa kwa makini. Kampuni za simu zimekuwa zikishindana kuuza ruta na vifurushi vya mwezi. Ushindani huo ni jambo jema. Hata hivyo, wengi huchagua kwa sababu jirani amefunga, au kwa sababu tangazo redioni limesema intaneti ni ya kasi na haina kikomo. Mwezi wa tatu ruta inawekwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa, na kila mtu nyumbani amerudi kwenye bando la siku.

Hesabu ya kwanza: nani yuko nyumbani?

Kabla ya kuuliza kampuni ipi ni nzuri, mkulima au mfanyabiashara anapaswa kujua kwanza anatumia kiasi gani sasa. Hesabu hii watu wengi hawajawahi kuifanya, kwa sababu fedha hutoka kidogo kidogo. Mtu anayenunua bando la sh. 1,000 kila siku anaona ametoa noti moja tu. Kwa mwaka mzima ametoa sh. 365,000. Nyumba yenye watu watano wa aina hiyo inatumia sh. 1,825,000 kwa mwaka. Hiyo si fedha ndogo kwa familia inayolima ekari tatu za mahindi.

Mathalani, fundi akija na ruta ya sh. 150,000 na kifurushi cha mwezi cha sh. 70,000 (hizi ni tarakimu za mfano, si bei ya kampuni yoyote), mwaka wa kwanza utagharimu sh. 990,000. Ukiweka kando ya sh. 1,825,000 za bando, inaonekana familia hiyo itaokoa zaidi ya sh. 800,000. Muuzaji yeyote ataishia hapo, na mteja atatoa fedha.

Lakini hesabu haijakamilika. Intaneti ya nyumbani hubaki nyumbani. Baba akienda shambani Mwamkulu, mama akiwa kwenye meza yake sokoni, na kijana akiwa kwenye bodaboda, ruta inawaka peke yake sebuleni. Wakiwa huko nje bado watanunua bando, ingawa dogo. Kama kila mmoja wa hao watano atatumia sh. 300 kwa siku akiwa nje, hizo ni sh. 547,500 kwa mwaka. Zikijumlishwa na gharama ya ruta na kifurushi zinakuwa sh. 1,537,500. Familia inaokoa sh. 287,500, ambazo ni fedha nzuri, lakini si zile alizozitaja fundi.

Na kama matumizi ya nje ni sh. 500 kwa kila mtu, bando la nje pekee litafikia sh. 912,500 na jumla itakuwa sh. 1,902,500. Hapo familia imepata hasara ya sh. 77,500 katika mwaka wa kwanza, licha ya kuwa na ruta. Mwaka wa pili, ambapo ruta haitanunuliwa tena, ndipo itaanza kupata nafuu, na nafuu yenyewe ni ya sh. 72,500 tu.

Fundisho la hesabu hiyo ni kwamba jambo la kuangaliwa kwanza ni saa ambazo watu wanakaa mahali palipofungwa ruta. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kashaulili, anayefungua saa 1 asubuhi na kufunga saa 2 usiku, na wasaidizi wake wawili wakiwa hapo hapo, atafaidika. Wakala wa fedha, mwenye stesheneri, fundi wa kompyuta, mwenye nyumba ya kulala wageni na mzazi mwenye wanafunzi wa sekondari nao watafaidika. Mkulima anayeishi peke yake na kushinda shambani kuanzia Novemba hadi Aprili, huenda kifurushi kizuri cha simu cha mwezi kinamtosha kabisa, na hana haja ya kuona aibu kwa hilo.

Kasi na ujazo ni vitu viwili

Jambo la pili linalowachanganya wateja ni maneno ya matangazo. Kasi ni upana wa bomba, na ujazo ni maji yaliyo ndani ya tangi. Mtu anaweza kuwa na bomba pana na tangi dogo, akabaki na kiu mwezi ukiwa nusu.

Kasi hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, na huandikwa Mbps. Ujazo hupimwa kwa megabaiti na gigabaiti, zile MB na GB zinazojulikana na wote. Baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo kasi ya Mbps 10 maana yake ni MB 1.25 kwa sekunde, wala si MB 10. Kitabu cha mwongozo wa kilimo chenye MB 50 kitashuka kwa sekunde 40 kama kasi ni ya kweli. Kwa duka la kawaida, kutuma picha, kutoa risiti, kuingia benki na kuzungumza kwa video, kasi hiyo inatosha kwa watu kadhaa. Anayeuziwa Mbps 100 kwa ajili ya kutuma picha za magunia ya mpunga anauziwa lori la kubebea debe moja.

Aidha, matangazo mengi hutaja kasi ya kupokea tu. Mfanyabiashara anayetuma video za bidhaa zake, au ofisi ya ushirika inayotuma mafaili, anapaswa kuuliza na kasi ya kutuma, ambayo mara nyingi huwa ndogo.

Kisha kuna neno "bila kikomo". Vifurushi vingi vinavyouzwa kwa jina hilo vina sharti la matumizi: mteja akifikisha kiasi fulani cha GB, kasi inashushwa hadi mwezi uishe. Sharti hilo si dhuluma kama limesemwa wazi, kwa kuwa mnara mmoja unahudumia watu wengi. Tatizo ni kwamba huandikwa kwa herufi ndogo, au hutajwa baada ya fedha kulipwa.

Familia ya watu watano, kila mmoja akitazama video saa moja kwa siku katika picha ya kawaida, hutumia takriban GB 3.5 kwa siku. Kikomo kikiwa GB 100, kitafikiwa siku ya 29, na hakuna atakayelalamika. Wakitazama video hizo hizo katika picha ya ubora wa juu, matumizi yanaweza kuzidi mara mbili na kufika GB 7.5 kwa siku. Kikomo kitafikiwa siku ya 14. Nusu ya mwezi iliyobaki watakuwa wanalipia intaneti inayokwenda kwa mwendo wa konokono, na kesho yake watasema kampuni ni wezi. Kushusha ubora wa picha kwenye simu za watoto ni kazi ya dakika moja na haina gharama.

Mahali ulipo ndipo kampuni ilipo

Swali "kampuni ipi ni bora?" halina jibu moja kwa mkoa mzima wa Katavi, ambao tangu ulipotengwa kutoka Rukwa mwaka 2012 umejumuisha mji, mashamba, hifadhi na ufukwe wa Ziwa Tanganyika. Kampuni inayovuma Makanyagio inaweza isisikike kabisa Karema. Iliyo nzuri Majimoto inaweza kusuasua Nsemulwa.

Vodacom, Airtel, Halotel, TTCL na Yas, ambayo hadi Novemba 2024 ilijulikana kama Tigo, zote hutoa huduma ya data nchini. Halotel ilipoanza Oktoba 2015 ilijijenga zaidi vijijini. TTCL ndiyo inayosimamia Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009. Vodacom ilianzisha 5G Septemba 2022, na Airtel ikafuata mwaka 2023. Lakini historia ya kampuni haimletei mtu mtandao sebuleni kwake. Kinachomletea ni umbali wa mnara, masafa yanayotumika, idadi ya watu waliounganishwa nao na vilima vilivyo katikati.

Masafa ya chini husafiri mbali na kupenya kuta, ndiyo maana 4G inaweza kufika kijiji kilicho kilomita kadhaa kutoka kwenye mnara. Masafa ya juu yanayotumiwa na 5G hubeba data nyingi lakini hayafiki mbali. Mtu wa kijijini anayenunua ruta ya 5G kwa bei kubwa, wakati mnara wake ni wa 4G, atapata 4G ile ile. Amelipia jina.

Nyaya za mkongo zinazofika hadi nyumbani, ambazo mafundi huziita faiba, ndizo tulivu kuliko njia nyingine, kwa kuwa hazisumbuliwi na mvua wala wingi wa watu kwenye mnara. Lakini hufungwa pale tu waya ulipopita jirani. Mwenye jengo katikati ya mji anapaswa kuuliza faiba kwanza. Aulize gharama ya kuvuta waya, nani anamiliki kifaa, na waya ukikatwa na katapila la barabara utarudishwa baada ya siku ngapi.

Njia ya uhakika ya kujua mtandao upi unafaa ni kuujaribu. Mteja aazime laini za kampuni tatu au nne kutoka kwa ndugu na jirani, aweke bando dogo kwenye kila moja, na kupima kasi akiwa ndani ya chumba kile kile kitakachowekwa ruta. Apime asubuhi, mchana na saa 2 usiku, saa ambayo kila mtu yuko hewani. Afanye hivyo kwa wiki nzima na kuandika kwenye daftari. Ikiwezekana, apime na siku ya mvua. Gharama ya zoezi hilo haifiki sh. 20,000, na inaweza kumwepusha na hasara ya mwaka mzima. Asijiridhishe kwa kipimo cha muuzaji kilichofanyika dukani kwake, kwani mteja haishi dukani kwa muuzaji.

Vilevile aulize kama ruta imefungwa kwa mtandao mmoja. Ruta iliyo huru inaweza kubadilishiwa laini siku kampuni nyingine ikijenga mnara jirani. Iliyofungwa itabaki kuwa pambo.

Satelaiti na mipaka

Katika vijiji visivyo na mnara, watu wameanza kuzungumzia intaneti ya satelaiti. Satelaiti za zamani hukaa umbali wa takriban kilomita 36,000 juu ya dunia, na mazungumzo huchelewa kwa zaidi ya nusu sekunde. Za kizazi kipya, kama za Starlink, huzunguka umbali wa takriban kilomita 550 na huwa na kasi nzuri. Huduma hiyo ilianza Kenya na Zambia mwaka 2023, na Burundi mwaka 2024. Kwa mkoa unaopakana na ziwa na ulio karibu na nchi jirani, kishawishi cha kununua chombo ng'ambo na kukileta nyumbani ni kikubwa.

Ni vema wananchi wakawa waangalifu. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inataka mtoa huduma awe na leseni, na vifaa vya mawasiliano viwe vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Anayetaka chombo cha satelaiti aiulize TCRA kwanza kama mtoa huduma husika amepewa leseni nchini. Kuuliza hakuna gharama, na chombo kikikamatwa hakuna atakayemrudishia fedha.

Umeme usisahaulike

Ruta bila umeme ni kopo. Kwa miaka mingi Mpanda ilitegemea jenereta za dizeli, wakati laini ya msongo wa kilovoti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga ikisubiriwa. Wafanyabiashara wa mji huo wanajua maana ya umeme kukatika katikati ya muamala. Kwa bahati nzuri ruta hutumia umeme kidogo kuliko balbu za zamani, hivyo betri ndogo au paneli ya sola ya nyumbani inaweza kuiendesha kwa saa nyingi. Gharama ya betri iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo. Aidha, mteja aulize kama mnara unaomhudumia huzimika umeme ukikatika, maana betri ya nyumbani haiwashi mnara.

Pia kuna hitilafu ambazo kampuni moja haiwezi kuzikwepa. Mei 12, 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na intaneti ikayumba nchini kote na katika nchi nyingine za Afrika Mashariki. Kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilikatika nchi nzima kwa siku kadhaa. Siku za namna hiyo, mwenye biashara aliyeweka kumbukumbu zote kwenye mtandao hushindwa hata kujua nani anamdai. Daftari la mauzo, akiba ya fedha taslimu na namba za wateja zilizoandikwa kwenye karatasi havijapitwa na wakati. Mwenye uwezo kidogo anaweza pia kuweka laini ya akiba ya kampuni tofauti na ile ya ruta.

Haki za mteja

Mteja wa Katavi ana haki sawa na wa Dar es Salaam, lakini wengi hawazitumii. Tangu Machi 1, 2017 mtu anaweza kuhama mtandao mmoja kwenda mwingine bila kubadili namba yake. Anayehama akumbuke kutoa kwanza fedha zilizo kwenye akaunti ya simu na kumaliza bando, kwa kuwa havimfuati. Wakala wa fedha afikirie mara mbili, kwani kibanda chake cha uwakala kimefungamana na kampuni.

Laini ya ruta isajiliwe kwa jina na alama za vidole za mwenye nyumba, si za fundi. Wapo waliofungiwa ruta kwa laini za watu wasiowajua, na siku laini ilipozimwa hawakuwa na la kufanya. Kila mtu anaweza kupiga *106# kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha Taifa.

Mkataba usomwe kabla ya kutiwa saini. Uliza bei ni pamoja na kodi au la, kifurushi kikiisha katikati ya mwezi ruta italipiwaje, na ukiacha huduma mwezi wa nne utadaiwa nini. Muuzaji akijibu kwa mdomo, mwambie aandike nyuma ya risiti na kuweka saini. Huduma ikiwa mbovu, malalamiko yapelekwe kwanza kwenye kampuni na mteja achukue namba ya lalamiko. Asiporidhika aende TCRA. Malalamiko ya kijiweni hayana namba, na hakuna anayeyajibu.

Yeyote asidhani kwamba sauti ya mteja haina uzito. Aprili 2021, vifurushi vipya vilipotangazwa na wananchi wakapaza sauti, Serikali iliagiza vifurushi hivyo visitishwe siku hiyo hiyo. Sauti hiyo ilisikika kwa sababu ilikuwa ya watu wengi.

Umoja wa vyama vya msingi

Jambo hilo la wingi ndilo ambalo wakulima wa Katavi wangeweza kulitumia vizuri zaidi. Mkulima mmoja wa tumbaku au ufuta hana nguvu ya kujadiliana bei na kampuni ya simu. Chama cha ushirika cha msingi chenye wanachama mia kadhaa kinayo. Ofisi ya chama ikifunga intaneti nzuri moja, mwanachama anaweza kufika pale kuangalia matokeo ya mnada, kuhakiki taarifa zake za pembejeo na kusoma utabiri wa hali ya hewa, bila kila kaya kununua ruta. Gharama ya sh. 70,000 kwa mwezi, ikigawanywa kwa wanachama 200, ni sh. 350 kwa kila mmoja. Hiyo ni chini ya bei ya bando la siku.

Hata hivyo, viongozi wa vyama wasigeuze jambo hilo kuwa mradi wao binafsi. Mkataba usomwe mbele ya mkutano mkuu, na bei za kampuni zisizopungua tatu zibandikwe ubaoni. Aidha, kugawana huduma ndani ya chama au familia ni tofauti na kuuza intaneti kwa umma. Anayetaka kuuza aulize TCRA masharti ya leseni kabla ya kubandika tangazo ukutani.

Wajibu wa kampuni na Serikali

Mteja akishapiga hesabu zake, upande wa pili nao una wajibu. Kampuni zinapaswa kuandika kwa Kiswahili rahisi, ukurasa wa kwanza wa tangazo, mambo manne: bei kamili, kasi ya kawaida ya saa za usiku, kikomo cha GB, na kasi itakayobaki baada ya kikomo. Mfuko wa mbolea hauuzwi bila kuandikwa uzito na aina ya virutubisho. Hakuna sababu ya intaneti kuuzwa kwa neno "kasi" pekee.

TCRA, ambayo hupima ubora wa huduma za kampuni hizo, ingewasaidia wananchi kwa kutoa matokeo yake hadi ngazi ya kata na kuyabandika kwenye ofisi za watendaji. Mtu wa Ikola hawezi kuchagua mtandao kwa wastani wa taifa.

Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote nao ulisimamia mikataba ya ujenzi wa minara 758 vijijini, iliyotiwa saini Dodoma Mei 2023. Madiwani wa Katavi wana haki ya kuuliza katika vikao vyao minara iliyopangwa kwa kata zao iko wapi, imewashwa lini, na inatoa data au sauti tu. Mnara unaopiga simu bila kutoa intaneti umemwachia mkulima nusu ya safari.

Mkulima wa Katavi amezoea kukagua. Anapima mbegu kwa jicho, anaonja udongo, anahesabu mifuko kabla lori halijaondoka. Akinunua intaneti kwa uangalifu ule ule, akiwa na daftari lake la vipimo mkononi, kampuni zitajifunza haraka kumheshimu. Na siku bei ya ufuta itakapotangazwa mnadani, ataiona yeye mwenyewe kabla mlanguzi hajafika kumsimulia.